Mjadala: Kimaasai kiingie darasa la awali Monduli na Longido, au Kiswahili kibaki peke yake?

Mwendesha mjadala, Arusha mjini
Wadau, swali ni hili. Tangu 1967 Kiswahili ndiyo lugha ya kufundishia katika karibu shule zote za msingi za serikali nchi nzima. Huku Longido, Monduli na Ngorongoro wapo watoto wengi wanaoingia darasa la awali na miaka mitano bila kukijua. Je, mwalimu aruhusiwe rasmi kuwafundisha kwa Kimaasai mwaka wa awali na madarasa mawili ya KKK (kusoma, kuandika na kuhesabu), au huko ni kufungulia ukabila mlango? Mifano ya nchi nyingine inakaribishwa. Kejeli kwa kabila lolote itafutwa.

Mkufunzi wa elimu ya awali, Monduli
Watu wa mjini hudhani mtoto akikaa miezi mitatu na wenzake Kiswahili kitamwingia. Kwa mtoto wa Rombo kinaingia, maana Kichaga na Kiswahili vyote ni Kibantu, ngeli anazo tangu nyumbani. Kimaasai kiko mbali. Hakina ngeli, nomino za kiume huanza na ol-, za kike na en-. Sentensi huanza na kitenzi. Irabu ni tisa, toni hubadili maana, na sauti f, v na z hazimo. Mwalimu anaandika "za, ze, zi", mtoto anasema "sa, se, si", anarudishwa tena na tena na tofauti haisikii. Mwisho anahesabiwa mzito.

Kosa jingine ni kuitikia kwa pamoja. Darasa zima linaimba silabi vizuri, mgeni anaondoka ameridhika. Mpe mmoja mmoja sentensi ambayo haijawahi kuandikwa ubaoni: anatamka herufi, maana hana. Kipimo chake ni rahisi. Msomee hadithi ya sentensi tano kwa Kiswahili, muulize maswali matatu. Kisha msomee nyingine ya kiwango hichohicho kwa Kimaasai. Hapo utajua kama shida ni uelewa au ni lugha.

Pendekezo langu: mwaka wa awali, maelezo, hadithi na hesabu viwe kwa Kimaasai, na Kiswahili kiwe cha mdomo tu, dakika 30 kila siku, kwa michezo, amri na majina ya vitu. Darasa la kwanza herufi zianze na zile ambazo lugha zote mbili zinazo, kama m, n, l, t na k, kwa maneno ya Kimaasai. F, v na z zije baadaye kwa maneno ya Kiswahili aliyokwisha kuyasikia. Darasa la pili Kiswahili kichukue zaidi ya nusu ya vipindi, la tatu kichukue vyote. Hesabu haisumbui: Kimaasai nacho huhesabu kwa makumi, tomon ni kumi na kuendelea hivyo.

Mthibiti ubora wa shule mstaafu, Moshi
Mwalimu, habari ya sauti sina ubishi nayo. Ila shule nchini hapa ilipewa kazi nyingine pia. Huku Kilimanjaro misheni zilitangulia, fedha ya kahawa ikalipa ada, na 1952 Wachaga wakampata Mangi Mkuu wao, yaani chifu wa wote, Thomas Marealle. Elimu, kahawa na kabila vilikwenda pamoja, na Uhuru ulipofika nafasi za sekondari zilikuwa zimelalia upande mmoja. Serikali ikachukua shule za misheni kwa sheria ya 1969, ikagawa nafasi za sekondari kimikoa, ikapeleka walimu na wanafunzi mbali na kwao. Sensa ya 1967 ndiyo ya mwisho kuuliza kabila. Kulikuwa na maumivu: mtoto wa Moshi mwenye alama nzuri aliachwa, wa mkoa mwingine mwenye alama za chini akachukuliwa. Lakini nchi ikashikamana, na Kiswahili kilikuwa nguzo mojawapo.

Tazameni majirani. Rwanda iliandika kabila kwenye kitambulisho na kugawa nafasi za shule kwa kabila, hadi 1994. Burundi mwaka 1972 waliuawa Wahutu waliosoma, wanafunzi wa sekondari wakiwemo. Ethiopia ilipitisha sera ya kusomesha kwa lugha za wenyeji 1994, na 2019 wanafunzi wa vyuo vikuu walikuwa wakiuana kwa misingi ya kabila.

Halafu, mkianza Longido, na Rombo watadai. Kichaga kipi? Mtu wa Machame na wa Rombo kila mmoja akisema cha kwao hawaelewani kirahisi. Na mwalimu wa Mbeya aliyepangiwa Longido atafundishaje Kimaasai? Au Mmaasai afundishwe na Mmaasai tu? Hilo ndilo ninalolikataa.

Mtafiti wa lugha, Tengeru
Shikamoo mzee. Rwanda na Burundi haziwezi kuwa ushahidi katika suala hili. Wanyarwanda wote husema Kinyarwanda, Warundi wote Kirundi. Lugha moja haikuzuia damu. Kilichotengeneza maafa ni dola kuandika kabila la kila mtu na kugawa shule na kazi kwa orodha hiyo. Ethiopia nayo, mipaka ya majimbo na madaraka vilijengwa juu ya kabila katika katiba ya 1995. Mambo hayo hayakuanzia darasa la awali.

Kenya inatufaa zaidi. Tangu 1976 sera yao inaruhusu lugha ya eneo katika madarasa matatu ya mwanzo. Kilichowafungia vijana ndani ya makabila yao, kwa maoni yangu, ni ule utaratibu wa 1985 wa sekondari kuchukua asilimia 85 ya wanafunzi kutoka eneo lao: kijana anamaliza kidato cha nne hajawahi kulala bweni moja na mtu wa kabila jingine. Tanzania ilifanya kinyume. Basi umoja huu mzee anaoutetea ulijengwa kwenye mabweni na kwenye vituo vya kazi. Mtoto wa miaka mitano hana mzigo wa kuubeba.

Ushahidi unaopaswa kumtisha mwalimu wa Monduli uko kwingine. Papua New Guinea ilianza miaka ya 1990 kufundisha madarasa ya chini kwa lugha zaidi ya 400, na 2013 ikarudi kwenye Kiingereza. Ufilipino ilianza kwa nchi nzima 2012, na Oktoba 2024 sheria ikaondoa ulazima. Vitabu havikutosha, walimu hawakuandaliwa, na mijini watoto wa lugha tofauti walijazwa chumba kimoja na kufundishwa lugha ya mkoa ambayo wengine hawakuijua. Ila sheria hiyo ya Ufilipino imeacha nafasi kwa darasa ambalo watoto wote wana lugha moja. Hapo ndipo pa kusimama: kipimo kiwe darasa, kisiwe wilaya wala kabila.

Tuwatazame na wakimbizi wa magharibi ya nchi. Warundi wa 1972 waliokaa kwenye makazi ya Katumba, Mishamo na Ulyankulu, huko Katavi na Tabora, watoto wao walisoma mtaala wetu kwa Kiswahili, na 2010 kama 162,000 wakatangaziwa uraia. Waliokuja kuanzia 2015, kwenye kambi za Nyarugusu na Nduta huko Kigoma, watoto wao walifundishwa mtaala wa Burundi, kwa nia warudi. Lugha ya darasa humwambia mtoto anatarajiwa kuishi wapi. Kwa hiyo Kimaasai kisipomfikisha kwenye Kiswahili kwa wakati, tutakuwa tumemtenga.

Mwalimu mkuu, Mirerani
Simanjiro watu huiita wilaya ya Wamaasai. Mirerani ni mji wa tanzanite: Wachaga, Wapare, Wairaqw, Wanyaturu, kila mtu yupo, na watoto wanacheza kwa Kiswahili. Agizo la wilaya nzima litatuharibia. Karatu darasa moja linaweza kuwa na Mwiraqw, Mdatoga na Mhadzabe, lugha tatu zisizo na undugu wowote. Na familia zilizotoka Ngorongoro kwenda Msomera kuanzia 2022 ziko Handeni, ambako wenyeji ni Wazigua. Watu wanahama, agizo la ofisini halihami nao.

Mkufunzi wa elimu ya awali, Monduli
Nakubaliana na kipimo cha darasa. Siku ya uandikishaji mzazi aulizwe, "Mtoto anaongea lugha gani nyumbani?" Kabila lisiulizwe kabisa, na kinachopelekwa wilayani kiwe idadi bila majina. Wakifika wanane kati ya kumi wa lugha moja, utaratibu unaanza, wakipungua, Kiswahili.

Mzee, mwalimu wa Mbeya abaki. Aongezewe msaidizi wa hapo kijijini aliyemaliza kidato cha nne, kama yalivyofanya madarasa ya utayari (ya kumwandaa mtoto kuanza shule) ya mradi wa elimu wa EQUIP-Tanzania kwenye mikoa mingine. Yanayoharibu nayajua: msaidizi anaachiwa darasa peke yake, watoto 60 wakati mwongozo wa awali unasema 25 kwa mwalimu mmoja, posho inachelewa, katikati ya muhula anaondoka. Shule shikizi, zile ndogo zinazoshikiliwa na shule mama, ndizo zitaumia kwanza. Vitabu vya Kimaasai vya upande wa pili wa Namanga, yaani Kenya, visichukuliwe vilivyo, vimeegemea lahaja za huko. Mtoto wa Kisongo, Wamaasai wa upande wetu, atakutana na maneno asiyoyatumia.

Mthibiti ubora wa shule mstaafu, Moshi
Kuhesabu lugha bila majina, sawa, hofu moja imeondoka. Iliyobaki ni upimaji wa darasa la nne, ambao ni Kiswahili. Kwa sera mpya msingi ni miaka sita, kisha kidato cha kwanza ni Kiingereza. Nani atahakikisha lile badiliko la darasa la pili linatokea kweli? Mwalimu akiona watoto wanaelewa Kimaasai atabaki hukohuko, ndiyo njia nyepesi. Wekeni kipimo cha kusikiliza na kusimulia kwa Kiswahili mwisho wa darasa la pili, mtoto mmoja mmoja, kisimamiwe na mtu wa nje ya shule, na mtuambie fungu la posho ya msaidizi linatoka halmashauri au wizarani. Bila mambo hayo mawili kuandikwa kwenye waraka, napinga.

Mwalimu mkuu, Mirerani
Fungu litoke wizarani. Halmashauri za wafugaji mapato yake hupungua mwaka wa ukame, na mwaka huohuo ndio watoto huhama na mifugo.