Tupeane uzoefu: Wanafunzi wenye ulemavu na michezo ya shule za upili, Kisumu, Nakuru na Magharibi

Mwanzisha mada (Kisumu)

Wadau hamjambo. Msimu wa riadha za shule ukifika, mimi huangalia kitu kimoja tu: ratiba iliyobandikwa mlangoni pa mwalimu wa michezo. Mita 100 wavulana, mita 100 wasichana, 1500, kuruka mbali, tufe, mkuki, vijiti. Kisha naenda uwanjani, namkuta mwanafunzi wa magongo kapewa saa ashike, mwenye ualbino analinda mabegi, na yule wa kiti cha magurudumu kasogezwa karibu na meza ya wageni ili mheshimiwa apige naye picha. Hakuna aliyewafukuza. Ila mbio yao haipo.

Na si kwamba Kenya haina watu. Samwel Mushai Kimani alishinda dhahabu ya mita 1500 ya wasioona kwenye Paralimpiki, yaani Olimpiki ya wenye ulemavu, London 2012, akarudia Rio 2016. Nancy Chelangat Koech akaleta shaba kutoka Tokyo. Paris 2024, medali yetu ya pekee ya Paralimpiki ilikuwa fedha ya Samson Ojuka, kuruka mbali daraja la T37. Wanaofuata watatoka wapi ikiwa huku chini kwenye zoni na kaunti ndogo hawana hata mstari kwenye karatasi?

Wazazi, walimu, wachezaji, mliokimbia mkishika kamba na mwenzenu asiyeona: semeni kilichokwama na kilichofaulu. Ombi langu moja, shule iliyokukosea usiitaje, wala jina la mtoto.

Mkuki (Nakuru)

Wacha nianze. Mguu wangu wa kulia ulikatwa juu ya goti baada ya ajali ya boda nikiwa darasa la saba. Nilipoingia kidato cha kwanza mwalimu akaniambia, tena kwa upole, "Wewe utatusaidia kuandika matokeo." Nikaandika matokeo ya wenzangu hadi mwandiko wangu ukawa mzuri kuliko wa karani. Kidato cha tatu akaja mwalimu wa TP (mazoezi ya kufundisha), kijana wa chuo, akaniuliza, "Unaweza kurusha nini?" Hakuna mtu aliyekuwa ameniuliza hivyo.

Sikuwa na jibu. Akatoa benchi nje ya maabara, akaniketisha, akanipa tufe. Nikarusha, benchi likapinduka, mimi chini na tufe huko. Tulicheka mpaka machozi. Baada ya hapo ndipo alipoenda kusoma kanuni, na kumbe mrushaji wa kukaa ana kiti chake: kimo kisizidi sentimita 75 pamoja na mto wa kukalia, kisiwe na springi wala kiungo kinachocheza, na kifungwe chini kwa mikanda kisitembee. Unaruhusiwa pia nguzo ya kushika kwa mkono usiorusha. Siri yote iko kwenye hiyo nguzo. Usipokuwa na pa kujivutia, mkuki unatoka kwa bega tu na hauendi popote.

Fundi wa kulehemu karibu na soko alitutengenezea kwa vyuma vya kitanda kibovu cha bweni. Akapima, akakata, mwalimu akapima tena, bado kirefu, akakata. Vigingi vinne tukavipigilia nyuma ya uwanja wa voliboli. Mwalimu mkuu alipoletewa bei akaona ni ndogo kuliko jezi za timu ya soka, akatia sahihi bila maneno mengi.

Siku ya kaunti ndogo nilirusha peke yangu, sikuwa na mpinzani. Mtangazaji akasema "shujaa wetu huyo, mpigieni makofi", na watu wakapiga kwelikweli. Lakini mwenye tepu alikuwa ameshaanza kuikunja! Mwalimu wangu akamwambia, "Pima." Yule jamaa akasema si ni maonyesho tu. "Pima." Akapima, ikaandikwa. Bila ile namba ningejuaje mwezi uliofuata kama nimepanda au nimeshuka?

Mama Pacha (Nyalenda, Kisumu)

Pole mwanangu, na hongera. Hayo makofi nayajua. Wangu mmoja ana mtindio wa ubongo, mkono na mguu wa kushoto ni dhaifu. Nilienda shuleni kuuliza mbona habebwi kwenda kushindana, nikaambiwa basi halina nafasi ya magongo. Magongo jamani! Nikasema nitayabeba mimi kwa matatu, yeye akae na wenzake kwenye basi. Wakaangaliana. Siku hizi anaenda, na magongo hulala chini ya kiti.

Mwalimu wa michezo (Butere)

Mtanichukia, lakini niwaambie kazi yetu ilivyo. Mwalimu wa michezo hupimwa kwa pointi. Gari ni moja, dizeli ni ya kuhesabu, na kwetu mbio ya mwenye ulemavu imekuwa ikiitwa ya maonyesho: haina pointi, na hata ukishinda huendi ngazi ya juu. Nikirudi shuleni naulizwa kombe liko wapi. Sasa nikiwa na kiti kimoja kimebaki ndani ya gari, nimbebe nani?

Kilichobadilisha mambo zoni yetu si semina. Walimu tulikaa, tukakubaliana mita 100 na tufe la kukaa vihesabiwe pointi sawasawa na matukio mengine. Kesho yake simu zikaanza: "Mwalimu, huko kwenu huna mtoto wa magongo?" Shule zilizodai miaka yote hazina mwenye ulemavu hata mmoja zikawapata ghafla, wengine wakiwa kidato cha nne, karibu kumaliza!

Mwanzisha mada (Kisumu)

Hakuna wa kukuchukia, mwalimu. Lakini niambie, mliwapangaje? Asiye na mkono na asiyeona wanakimbiaje pamoja?

Mwalimu wa michezo (Butere)

Hapo ndipo pagumu. Kimataifa kuna madaraja, yakiandikwa na herufi T kwa mbio na kuruka: 11 hadi 13 ni ya macho, 35 hadi 38 ni mtindio wa ubongo kwa wanaosimama, 45 hadi 47 mikono, na mengine mengi. Kuyapanga ni kazi ya wapimaji waliofunzwa. Wazazi wengi huniletea kadi ya Baraza la Taifa la Watu Wenye Ulemavu wakidhani imemaliza mambo. Kadi ni muhimu kwa huduma, ila haikupi daraja la mchezo.

Zoni haina wapimaji, tukagawa tu hivi: macho, mikono, miguu, wanaokaa. Mama mmoja akalalamika kwamba mwanawe haoni kabisa na amekimbizwa na anayeona vivuli. Alisema kweli. Safari iliyofuata wote wa macho tukawafunga vitambaa, ndivyo T11, daraja la wasioona kabisa, wanavyofanya, wote gizani. Malalamiko yakaisha.

Kiongozi mstaafu (Vihiga)

Mimi naona vizuri, lakini kidato cha pili na cha tatu nilikimbia na rafiki yangu asiyeona. Watu hudhani kiongozi anavuta. Ukivuta mnatolewa. Mnashikana kwa kamba fupi isiyovutika, na yeye ndiye anayepaswa kukata utepe kwanza, wewe nyuma yake. Sisi tulitumia kamba ya kiatu yenye vitanzi viwili.

Mwanzoni tulikuwa tukipigana viwiko tu. Mkono wake wa kushoto na wangu wa kulia lazima viende mbele pamoja na kurudi pamoja, na mimi ni mrefu kumshinda, ikabidi nifupishe hatua. Kwenye kona nasema "kona, kona, kona, nyooka". Zikibaki mita kama thelathini nasema "toa yote", na hapo nanyamaza, maana ukiendelea kuongea pumzi inakuishia wewe kabla yake.

Sasa kisa chenyewe. Zoni, mita 200, mwamuzi akatupa leni moja. Watu wawili ndani ya leni moja ya chokaa! Mwalimu wetu akamweleza kwamba T11 hupewa leni mbili, mwamuzi akajibu kuwa hapa si Olimpiki. Tukakimbia hivyo hivyo, rafiki yangu ndani ya chokaa na mimi nje, tukafika wa pili, tukatolewa kwa kuvuka leni. Mwalimu akaandika rufaa papo hapo, ada akaitoa mfukoni mwake. Walikaa chini ya mti wakibishana mpaka mbio mbili nyingine zikapita. Mwishowe wakaturudisha, na kuanzia hapo kila jozi ikapewa leni mbili.

Jambo lingine halisemwi. Mimi mwenyewe nilikuwa mkimbiaji wa 400, na fainali yangu ikapangwa ubavuni mwa fainali yake. Niliacha yangu. Sijutii, lakini mtoto wa miaka 16 hafai kuwekwa njia panda hiyo. Anayeandika ratiba akumbuke kiongozi naye ana mbio zake.

Mkalimani wa ishara (Mumias)

Na viziwi je? Hata kwenye Paralimpiki hawamo, wana michezo yao ya Deaflympics, kwa hiyo huku chini kila mtu hudhani ni wa mwenzake.

Nilikuwa na msichana kiziwi katika shule ya kawaida, mita 100. Mwanzishaji anasimama nyuma yao, anapiga filimbi. Yeye alikuwa akitazama mguu wa jirani, jirani akitoka naye anatoka, na bado alikuwa akifika wa nne! Tuliomba kitu kidogo: mwanzishaji asogee mbele upande wa leni ya kwanza, msichana apewe leni hiyo, na kitambaa chekundu kishushwe pamoja na filimbi. Haikugharimu hata shilingi. Akashinda. Mzazi wa shule nyingine akaja mezani kulalamika kwamba amependelewa.

Mpinzani wa kirafiki (Nakuru)

Naomba nipinge kidogo. Nimesoma shule maalumu tangu msingi, na huku kwetu mnazijua: Kibos ya wasioona na Joyland ya viungo kule Kisumu, Ngala ya viziwi hapa Nakuru. Kwenye michezo ya shule maalumu nilikuwa na wapinzani. Nilishindwa, nikarudi kufanya mazoezi, nikashindwa tena, nikaja kushinda. Nilipohamia shule ya kawaida nikawa pambo la siku ya michezo, nakimbia peke yangu huku watu wanalia.

Kwa hiyo mkitaka kutuunganisha na wengine, sawa, lakini kila tukio liwe na watu watatu au zaidi, hata ikibidi kaunti mbili ziungane. Mtu mmoja akikimbia hayo si mashindano, ni gwaride.

Mkuki (Nakuru)

Ndugu, umenigusa penyewe. Lakini si kila mmoja wetu yuko karibu na shule maalumu, na wengine wetu tulipata ulemavu tukiwa tumeshazoea shule ya kawaida na marafiki wa pale. Nisingehama kwa sababu ya mkuki. Hao wapinzani watatu waletwe kaunti, nitawasubiri.

Msaidizi wa sheria (Nakuru)

Wazazi, mkienda ofisini msiende na machozi peke yake. Kifungu cha 27 cha Katiba ya 2010 kinakataza ubaguzi kwa misingi ya ulemavu. Cha 54 kinampa mwenye ulemavu haki ya kutendewa kwa heshima na kuingia katika taasisi za elimu zilizo pamoja na jamii. Kenya iliridhia mkataba wa Umoja wa Mataifa kuhusu haki za watu wenye ulemavu mwaka 2008, na ibara yake ya 30 inawataja watoto na michezo ya shuleni moja kwa moja. Kifungu cha 2(6) cha Katiba kinaufanya mkataba huo kuwa sehemu ya sheria zetu. Kuna pia Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2025 iliyochukua nafasi ya ile ya 2003.

Andika barua ya ukurasa mmoja. Usiandike "naomba mwanangu ahurumiwe". Andika tukio unalotaka, kifaa kinachohitajika, na tarehe ya mashindano. Nakala moja kwa bodi ya shule, nyingine kwa afisa wa elimu wa kaunti ndogo, na yako igongwe muhuri wa kupokelewa. Simu husahaulika, muhuri hausahauliki. Wakikaza shingo, peleka malalamiko kwa Tume ya Taifa ya Jinsia na Usawa.

Mama wa Gredi 10 (Kakamega)

Nashukuru kwa mada hii. Binti yangu ni wa lile kundi la kwanza la Gredi 10 walioanza Januari 2026, amechagua mkondo wa Sanaa na Sayansi ya Michezo. Ana ualbino. Uwanja wa shule hauna mti hata mmoja na mazoezi ni saa nane mchana. Mwalimu ananiambia abadilishe mkondo. Nimjibu nini?

Mwalimu wa michezo (Butere)

Asibadilishe, mama. Omba mazoezi yake yawe asubuhi au saa kumi na moja jioni, na siku ya mashindano awe na hema la kusubiria. Kofia na mikono mirefu avae bila wasiwasi. Mafuta ya kukinga jua ulizia hospitali ya kaunti, yapo chini ya mpango wa Baraza. Je, akikaa dawati la mbele anausoma ubao?

Mama wa Gredi 10 (Kakamega)

Hausomi vizuri. Hunakili kwa jirani.

Mwalimu wa michezo (Butere)

Basi apimwe macho mapema. Wengi wenye ualbino hushindana T12 au T13, na T12 anaruhusiwa kuwa na kiongozi akitaka.

Kiongozi mstaafu (Vihiga)

Mama, anakimbia mita 100 kwa sekunde ngapi? Kiongozi lazima awe na kasi kumzidi, tusije tukampa wa kumchelewesha. Nina msichana mmoja huku anayeweza, ila nataka namba kwanza.

Mama wa Gredi 10 (Kakamega)

Sijui, mwalimu wake hajawahi kumpima.

Mwalimu wa michezo (Butere)

Mlete kwetu Jumamosi saa mbili asubuhi, kabla jua halijapanda. Viatu vya misumari tunavyo, namba 5 na 6. Kiongozi, nawe njoo na huyo msichana.