Nguvu au mwili: tizi la siku nne nilipangeje?

Kijana_wa_Chuno
Wakuu habari. Napiga chuma jimu ya mtaani hapa Mtwara, siku nne kwa wiki. Nataka skwati (kuchuchumaa na chuma mabegani) na dedlifti (kunyanyua chuma toka chini) zipande, ila kifua na mikono navyo vijae. Nina njia tatu kichwani:
A) miezi miwili mizito tu, kisha miwili ya kujaza mwili
B) siku mbili za nguvu, mbili za mwili
C) kila siku naanza na mzito, namalizia na mepesi
Ipi inalipa? Sahani za chuma tunazo chache, nyingine za zege.

Kuli_Bandarini
B, bila kufikiria. Siku ya nguvu: seti 5 (mizunguko) za marudio 3 hadi 5, yaani kila mzunguko unainua mara 3 hadi 5, kisha unapumzika dakika 3 mpaka 5. Hapo ndipo wengi wanaharibu, wanaona aibu kukaa huku wenzao wamepanga foleni. Siku ya mwili: marudio 8 hadi 12, pumzika dakika mbili hivi.

Dada_Shangani
Kaka Kuli, foleni hiyohiyo ndiyo inaiua B kwenye jimu ya zege. Mimi nasema C. Mzito unataka mwili ambao haujachoka, kwa hiyo piga skwati kwanza, seti 3 za marudio 4, halafu waachie wengine vyuma uendelee na zege. Misuli haichagui sana uzito: hata marudio 20 au 30 inakua, mradi uache ukiwa umebakiza moja au mawili tu. Nguvu ndiyo inayochagua. Huwezi kuinua kilo 140 wakati mwaka mzima unachezea 60.

Mwana_Mikindani
Mbona makuli msimu wa korosho wanabeba gunia la kilo 80 na hawajui seti ni nini?

Dada_Shangani
Wana nguvu za gunia, ndugu yangu. Mwili unakuwa hodari kwa kile unachorudia. Walaze kwenye benchi leo uone kama chuma hakiyumbi.

Kuli_Bandarini
😂 Hapo umenisema mimi.

Mzee_wa_Ndanda
Vijana, mnabishana na sahani ya chakula hamjaitaja. Protini gramu 1.6 kwa kila kilo ya mwili kwa siku; mwenye kilo 70 ni kama gramu 112. Dagaa, mayai, kunde, choroko, vyote viko sokoni. Korosho ni tamu, ila gramu 100 zina kalori kama 550 na protini 18 tu. Mwembamba ale, mwenye kitambi apime kwa kiganja.

Kijana_wa_Chuno
Shikamoo mzee, nimekupata. Na A je?

Mzee_wa_Ndanda
Marahaba. A ni ya mwenye tarehe ya mashindano. Wewe unashindana na nani?

Kijana_wa_Chuno
Na kioo tu 😅 Basi naanza C. Seti ngapi kwa wiki?

Dada_Shangani
Kila msuli 10, na zile nzito uzihesabu humohumo. Ukiona umezoea, panda taratibu, usivuke 20. Dedlifti nzito mara moja kwa wiki inakutosha, mgongo wako bado unauhitaji.