Mrejesho: meno yangu na sindano ya semaglutaidi

Wakuu, nilikuja hapa nikilia kwamba tangu nianze sindano ya semaglutaidi kwa ajili ya sukari, kinywa kinakauka, natapika mara kwa mara na meno yanaingia ganzi nikinywa maji baridi. Asanteni sana, mmenisaidia kweli.

Kumbe kosa langu lilikuwa kukimbilia mswaki nikishatapika. Aliyenionya kwamba tindikali ya tumboni inalainisha jino, ukisugua hapo hapo unalikwangua, Mungu ambariki. Sasa nasukutua kwa maji tu, nasubiri saa nzima ndipo napiga mswaki. Usiku natema povu bila kusukutua, ili floraidi, ile madini ya kwenye dawa ya meno inayoimarisha jino, ibaki kwenye meno. Daktari naye, nilipomweleza, alipunguza dozi; kutapika kumekoma.

Chingamu isiyo na sukari ilileta mate kweli, ila ilinijaza gesi, nikaacha. Nabeba chupa ya maji, nanywa funda moja moja.

Jino moja la nyuma lilikuwa limeshatoboka, limezibwa. Ya mbele bado yana ganzi. Daktari wa meno alisema enameli, yaani gamba gumu la nje la jino, ikishalika hairudi. Sindano naendelea nayo, sukari imetulia.