Tupeane uzoefu: kabila uliloambiwa uliogope, mpaka mlipopanga nyumba moja

Mwalimu wa Kihesa
Leo dukani nimemsikia binti wa kama darasa la tano akimwambia mwenzake, "Usiende kula kwao, Wahehe wanakula mbwa." Nimeshtuka, maana maneno hayo hayo shangazi aliniambia Tukuyu mwaka 1998 nilipopangiwa kufundisha Iringa. Nikapanga chumba Kihesa kwa bibi mmoja, na wiki tatu nzima nikawa nakataa mboga yake nikisingizia vidonda vya tumbo. Jumapili moja akaniita jikoni, akafunua sufuria. "Mwanangu, huyu ni kuku: hili paja, huu mgongo, na manyoya yake yako kwenye ndoo ile pale." Akanionyesha ndoo. Hakuninunia. Alikuwa amejua tangu siku ya kwanza na akanisubiri. Nilikaa kwake miaka sita. Wenzangu, ninyi mliambiwa nini?

Dereva wa Kitonga
Niliambiwa usioe Mnyakyusa, atakuamrisha ndani ya nyumba. Nimeoa Kyela, mwaka wa 16 huu. Kuamrisha anaamrisha, na watoto wote wanasoma.

Mjukuu wa Kalenga
Mwalimu, asante kwa kulitaja hilo la mbwa. Mimi Mhehe nimelibeba tangu shule ya bweni, sahani yangu inanuswa kila mlo.

Mtoto wa Mjini
Kaka, huo si ni utani wa jadi tu? Mbona unalichukulia moyoni?

Mjukuu wa Kalenga
Utani una mwenyewe. Mngoni akiniambia nacheka, maana babu zake na babu zangu walipigana vita miaka ya 1878 hadi 1882, wakachoka, leo tunataniana hadi msibani. Msiba wangu ndio huyo huyo anakuja kuuchangamsha, na mimi naenda wake. Wewe msiba wangu hutakuja. Basi hilo lako si utani, ni tusi.

Dereva wa Kitonga
Hapo umenena.

Wa Ubaruku
Kwetu Usangu walioogopwa ni Wasukuma na ng'ombe wao. Walipoondolewa bonde la Ihefu mwaka 2006 na mifugo ikapelekwa hadi Lindi, sisi wakulima tulishangilia. Kumbe mzee wa Kisukuma aliyekuwa jirani yetu ndiye tuliyekuwa tunamkodi maksai wake kulimia majaruba ya mpunga. Msimu uliofuata tulishika jembe la mkono, ndipo tukaanza kumtaja kwa jina lake.

Mwana Ruaha
Usituletee huruma hapa. Mto Ruaha unakauka kila kiangazi tangu miaka ya 1990, ni ng'ombe wa nani waliomaliza lile bonde?

Wa Ubaruku
Na mifereji ya mpunga inachota maji ya nani? Mimi ni mkulima na nasema ukweli wangu: maji tulikuwa tunayakata sisi huku juu, lawama tunamtupia mwenye fimbo.

Mwana Ruaha
Basi njoo Septemba uone samaki wanavyokufa kwenye madimbwi.

Mama wa Mwanjelwa
Jamani acheni kidogo hayo ya maji. Nimesoma habari ya ile ndoo ya manyoya nikatetemeka, maana mimi sikuishia kukataa mboga.

Mwaka 2009 tulipanga Mwanjelwa, Mbeya, nyuma ya duka la kijana wa Kikinga, muuza mitumba. Mtaa mzima tulisema ana ndagu, ule uchawi wa utajiri unaodai kafara ya watu. Anafungua kabla ya adhana, hanywi, hana mke, na taa ya chumba cha nyuma haizimwi usiku. Wanangu niliwakataza hata peremende yake.

Siku moja ya Julai, baridi ile mnayoijua, mwanangu wa miaka minne hakuonekana tangu saa saba mchana. Hadi saa kumi na moja tumezunguka Mwanjelwa yote tukiita. Watu wakaanza kuulizana nani jirani. Mimi ndiye niliyenyoosha kidole. Mama mzazi akinyoosha kidole, nani atabisha? Walimtoa dukani kwa kola. Mmoja alishika tofali. Hakupigana, alikuwa anasema tu, "Tafuteni ndani kwanza, tafuteni ndani."

Tukaingia. Mabelo mawili ya mitumba, juu yake godoro. Sufuria ya kande iliyoganda. Sindano, kopo la vifungo, na makoti yaliyopungukiwa vifungo, ndiyo kazi aliyokuwa anakesha nayo. Na daftari la shule lenye majina ya wadogo zake wanne wa Makete, ada ya kila mmoja, iliyolipwa imekatwa mstari. Nimelishika mkononi mwangu lile daftari.

Mtoto tulimpata saa kumi na mbili, amelala juu ya magunia ya viazi kwenye banda la jirani. Tofali lilikuwa bado mlangoni pa yule kijana.

Dereva wa Kitonga
Mungu wangu. Wangemuua.

Mama wa Mwanjelwa
Wangemuua. Nalijua hilo kila siku.

Kijana wa Makete
Dada, ndagu yetu Wakinga nakueleza. Unatoka kijijini na miaka kumi na nne, unakwenda kwa mjomba. Unamfanyia kazi miaka mitatu, minne, huna mshahara, unakula kwake na kulala juu ya mzigo. Siku ya siku anakukatia belo moja: haya, anza. Ukisimama, unamvuta mdogo wako. Hakuna kingine.

Mwalimu wa Kihesa
Ulimwomba radhi?

Mama wa Mwanjelwa
Alifunga duka siku tisa. Alipofungua nilikwenda na maneno yakanikauka. Akaniuliza, "Mtoto hajapata mafua?" Nikalia pale pale.

Mjukuu wa Kalenga
Ilitakiwa uende na wazee na jogoo, kosa kama hilo haliishi kwa machozi.

Kijana wa Makete
Hapana, usiende na wazee, utamfanya mtaa mzima ukumbuke. Kanunue kwake, mbele za watu.

Mama wa Mwanjelwa
Nilifanya yote mawili, jogoo baadaye sana. Mwanangu sasa ni mkubwa, Jumamosi anamsaidia kufungua mabelo. Sehemu yangu ya ile siku bado sijamwambia.

Wa Ubaruku
Mwambie wewe, kabla hajaambiwa na mtaa.

Mwana Ruaha
Mimi nasema asubiri amalize masomo.