Tupeane uzoefu: Aliyekupenda ukiwa chini kabisa, ulijuaje kama ni mapenzi au huruma?

MuuzaVibua:
Wakuu, habari za jioni. Naomba wenye uzoefu. Wa kejeli piteni kimya kimya.

Mimi ni mjane, mkazi wa Tandika, nina watoto wawili. Mume wangu alifariki 2022 kwa ajali ya barabarani. Tangu hapo kazi yangu ni kuamkia Feri, naingia mnadani, nachukua vibua kulingana na mfuko ulivyo, jioni nakaanga hapa mtaani. Mambo ya wanaume nilishayaweka kabatini.

Kuna kaka mmoja dereva wa bajaji, ndiye ananibeba na ndoo zangu. Madereva wengi samaki hawawataki, wanasema abiria wa mchana watalalamika harufu. Huyu ndoo ikichuruzika anang'oa zulia la chini, analisugua kwa sabuni ya unga na ndimu, wala haniambii kitu. Baadaye akaanza kuwapeleka watoto shule. Nauli hataki, nikimlazimisha anachukua samaki wawili. Mwezi uliopita katamka kuwa anataka kunioa.

Dada yangu anasema huyo anakuonea huruma, na huruma ikimwisha utabaki na mtoto wa tatu. Shemeji, mdogo wake marehemu, kasema siolewi mpaka ukoo ukae uridhie. Waliopata mwenza wakati maisha yamewapiga hasa, mlijuaje?

Kiti_cha_Mbele:
Nimekaa pale nasubiri wenye ndoa zao.

Babu_wa_Pugu:
Pole sana binti. Yangu ni ya tarehe 16 Februari 2011, usiku ule mabomu ya Gongo la Mboto yalipolipuka. Waliokuwepo wanajua. Mji mzima wa huku ulikuwa barabarani, watu wanatembea tu kuelekea mjini, mwingine kavaa kanga moja, mwingine kabeba televisheni, mke hajui mume alipo. Mimi nilikuwa mseja, nimebeba begi la vyeti.

Maeneo ya Ukonga nikamkuta dada ameshika mtoto wa kama miaka mitatu, analia, yaani dada ndiye analia, mtoto ametulia. Nikamuuliza mwanao anaumwa? Akasema siyo wangu, nimemkuta peke yake njiani. Nikamwachia begi, nikambeba mtoto mabegani. Tukaenda hivyo hadi Uwanja wa Uhuru, ambako watu wengi walihifadhiwa. Mama yake akapatikana kesho yake mchana, akamchukua mwanawe kwa nguvu, hata asante hakusema, na sikumlaumu.

Yule dada akanirudishia begi langu. Alikuwa amelikumbatia usiku mzima kama lake. Tumeoana, tuna watoto, majirani wanadhani tulikutana kanisani. Swali lako la huruma sisi halikutuhusu, maana usiku ule wote tulikuwa wa kuhurumiwa, hakuna aliyekuwa juu ya mwenzake. Nadhani shida huanza pale mmoja anapokuwa ndiye mtoaji siku zote.

Mama_Saa_Tatu:
Naandika kwa jina ambalo halinitambulishi, mtaniwia radhi.

Niligundulika na VVU kwenye kliniki ya wajawazito. Mwenzangu niliyekuwa naye alipoambiwa aje apime, alizima simu mpaka leo. Nikajifungua, mtoto akapewa dawa, akapimwa, na kipimo cha mwisho cha miezi 18 kikatoka hana. Hapo ndipo nikaanza kulala usingizi.

Nilikuwa naficha kopo la dawa. Nikitoka natia pamba ndani ili vidonge visilie kwenye mkoba. Wanaotumia wananielewa. Basi kuna fundi cherehani jirani na nilipopanga, tukawa tunazoeana. Alipoanza habari za ndoa nikasema huyu namwambia mapema aende zake. Nikamwambia. Hakusema "mimi nitakubeba hivyo hivyo", yale maneno ya kwenye tamthilia. Aliuliza unachukulia dawa wapi. Tulipokwenda, akamuuliza nesi maswali mpaka mimi nikaona aibu. Akaambiwa ukweli: mtu anayemeza dawa vizuri, na virusi vimefubaa kiasi cha kutoonekana kwenye kipimo, hamwambukizi mwenza wake kwa tendo la ndoa. Akapimwa, hana, na mpaka leo hana.

Kitu kilichonihakikishia ni kidogo mno. Naamkia kazini, natumia dawa saa tatu usiku, na siku nyingine usingizi unanichukua mapema. Siku moja saa tatu ikalia simu mbili, yangu na yake. Alikuwa ameseti na hakuniambia. Pamba nimeitoa kwenye kopo, siku hizi linalia tu humo chumbani.

Na kwa anayesoma akiwa na hofu ya kupima: dawa hizi zinatolewa bure nchini tangu 2004. Nenda.

MuuzaVibua:
Mama Saa Tatu umeniliza, nipo jikoni nageuza samaki. Hongera sana dada yangu.

Mstaafu_wa_Kimara:
Ngoja nilete upande wa pili, maana hapa naona mnaelekea harusini.

Nilikuwa na fremu ya vifaa vya ujenzi Kimara. Mwaka 2017 barabara ya Morogoro ikipanuliwa, nikawekewa X nyekundu, ikaenda. Marafiki wa bia wakapukutika. Alibaki binti mmoja tu, aliyekuwa akiniuzia chai. Alinilisha karibu mwaka. Asubuhi maandazi yake yasiyouzika ndiyo kifungua kinywa changu, na hajawahi kunitajia hata siku moja. Ningeachaje kumuoa?

Tukaoana. Nikapata tenda, mambo yakakaa sawa, nikajenga Kibamba. Na ndipo tukakosa la kuzungumza. Kwenye dhiki tulikuwa na ajenda kila siku: kodi, deni la duka, unga. Ajenda zilipoisha tukabaki tunatazamana. Yeye anapenda watu wajae nyumbani, mimi nataka kimya. Yeye kila Jumamosi shughuli, mimi mpira. Tuliachana bila ugomvi, hadi leo mtoto akiumwa tunakutana hospitali tunasaidiana vizuri kabisa. Shida tuliiweza wote wawili, raha ndiyo iliyotushinda.

Kwa hiyo mleta mada, kabla ya kuuliza kama ni huruma au mapenzi, jiulize siku ambayo hakuna ndoo ya kubeba, mnaongea nini?

Kiti_cha_Mbele:
Mzee umemwaga maji kwenye mkaa.

Msukuma_wa_Feri:
Mkaa unahitaji ukweli mkuu, acha aseme.

Mimi yangu siyo ya mke. Nilimleta mama kutoka kwetu Kanda ya Ziwa kwa ajili ya mionzi pale Ocean Road, saratani ya mlango wa kizazi. Mionzi siyo ya siku moja, ni Jumatatu mpaka Ijumaa, wiki baada ya wiki, na mimi mjini sina ndugu. Mchana nikawa natoka nakwenda kukaa upande wa bahari. Pale nikazoeana na dada anayemuuguza baba yake. Tulikuwa tunagawana zamu: mmoja akienda kutafuta chakula, mwingine anakaa na wagonjwa wote wawili. Mama yangu akawa anamwita mkamwana, baba yake ananiita mkwe, na sisi tunacheka tu, hatukuwahi kushikana hata mkono.

Mama alifariki. Yule dada ndiye aliyemuosha pamoja na wanawake wengine, akamvalisha, akaniandikia kwenye karatasi nani nimpigie na nani asubiri asubuhi, maana kichwa changu kilikuwa hakishiki kitu. Leo kaolewa Morogoro. Mumewe namwita shemeji na hana wasiwasi na mimi. Huyo ndiye dada niliyepewa ukubwani. Nimeona nimtaje kwa sababu watu humu wakisikia tumaini wanawaza pete. Mimi nilichovuka nacho kipindi kile hakina jina la ndoa.

Karani_Mstaafu:
Naona hakuna aliyemjibu kuhusu shemeji. Binti, hilo lisikuumize kichwa. Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 68, inasema mjane yuko huru kuishi anapotaka, na ama kubaki bila kuolewa au kuolewa tena na mwanamume anayemtaka mwenyewe. Kwa aliyefunga ndoa ya Kiislamu anasubiri eda iishe, miezi minne na siku kumi, na wewe umeshaipita zamani. Ukoo kuheshimiwa ni jambo jema, uwapelekee taarifa kwa adabu, lakini ruhusa siyo yao.

Ila kamilisha mirathi kwanza kama hujafanya: cheti cha kifo kutoka RITA, wale wanaosajili vizazi na vifo, muhtasari wa kikao cha familia, halafu mahakama ya mwanzo. Nimeona wajane wakiolewa mirathi haijafunguliwa, halafu kelele za kiwanja zinaanza siku ile ile ya mahari.

MuuzaVibua:
Asante mzee wangu, sikuwa najua. Mirathi ilifunguliwa, msimamizi ni mimi, na nadhani ndiyo sababu ya hizo kelele.

Bibi_Temeke:
Mjukuu wangu, mimi nikupe dawa ya zamani ya kumpima. Mnyime kazi. Mwambie kesho usije, watoto nitawapeleka mwenyewe kwa daladala. Usimpe sababu. Anayekuhurumia atanuna, maana umemnyima kujiona mwema, na atakukumbusha aliyokutendea. Ukisikia tu "pamoja na yote niliyokufanyia", funga mlango.

MuuzaVibua:
Bibi, nilimwambia juzi usiku. Akajibu sawa. Baada ya muda akatuma ujumbe: "Basi watoe mapema, yule mdogo ana mtihani, daladala za Tandika asubuhi hazisimami." Basi. Jana jioni kaja na mfuko wa ndimu, akakaa kwenye benchi, tukaongea mpaka samaki wakaisha. Mzee wa Kimara, tuliongelea mashabiki wa Simba na mama mkwe wa dada yangu. Wala hatukugusa ndoo.

Mstaafu_wa_Kimara:
Simba? Hapo sasa ndipo nina wasiwasi naye. Lakini endelea.

Bibi_Temeke:
Muache na Simba yake. Kwao ni wapi, na wazee wake wako hai? Mwambie alete mshenga kwa utaratibu, na siku hiyo asije na bajaji.