Naomba ushauri: njumu za ngozi au za sintetiki?

Habari zenu wakuu. Nacheza beki wa kulia timu ya mtaani, Tandika. Uwanja wetu ni mchanga na kokoto, masika ni tope tupu. Njumu zangu za sintetiki zimepasuka pale vidole vinapokunjia, fundi kashona mara mbili, zimeachia tena. Jumamosi nimeona soko la Karume pea ya mtumba ya ngozi ya kangaruu, nyepesi, laini, na mguu wangu mpana umeingia bila kubanwa. Sintetiki hunibana mpaka kucha inakuwa nyeusi! Hofu yangu ni maji: ngozi inanyonya, inakuwa nzito, ukiianika juani inakakamaa. Mliochezea ngozi kwenye mchanga wetu, inadumu? Mnaipaka nini? Muuzaji kanishikia mpaka Ijumaa.