Tupeane uzoefu: benki yako iliwahi kukufundisha kuhusu matapeli kabla hujaibiwa?

Mkazi_Kihonda: Wakuu, leo nimekuta mama analia nje ya benki, akaunti imekombwa. Kilichoniuma, mlinzi anamwambia "mngekuwa mnasikiliza". Wamsikilize nani? Nilipofungua akaunti nilipewa fomu ndefu, weka sahihi hapa na hapa, basi. Wenzangu mlielekezwa nini?

Binti_Dereva: Umenitonesha kidonda. Baba yangu ni dereva mstaafu wa halmashauri. Kiinua mgongo kilipoingia akapigiwa simu, tuko msibani Kilosa. Jamaa kamtaja majina yote matatu na tawi lake: "Mzee shikamoo, tunahakiki akaunti za wastaafu ili zisifungwe." Baba akasogea pembeni penye utulivu. Akaambiwa itaingia meseji yenye namba sita, azisome. Akazisoma. Kumbe tapeli alikuwa anaiunganisha akaunti ya baba kwenye programu ya benki katika simu yake yeye. Hadi tunarudi kutoka kuzika, hela zimehamia laini za simu na kutolewa kwa mawakala.

Baadaye niliifungua ile meseji. Chini yake kulikuwa na onyo kabisa, usimpe mtu yeyote namba hizi. Kwa KIINGEREZA. Baba ni wa darasa la saba. Tulipokwenda benki jibu likawa moja: "Mzee, namba umetoa mwenyewe."

Tabu_Tupu: Poleni sana. Mungu amtie nguvu mzee.

Kaunta_Na3: Pole dada. Ila mimi niko benki, tusilaumiwe kwa kila kitu. Meseji za tahadhari tunatuma, wateja hawasomi.

Mkazi_Kihonda: @Kaunta_Na3 za mikopo mnatuma kwa Kiswahili safi, mpaka na jina langu. Onyo la kuokoa hela ndiyo liwe Kiingereza?

Kaunta_Na3: Siyo benki zote.

Mkazi_Kihonda: Ya mzee huyu ni mojawapo.

Chuga_Mmoja: Elimu inasaidia jamani. "Ile hela tuma kwenye namba hii" leo hata bibi yangu anaifuta, kwa sababu redio zimeisema mpaka imemkaa kichwani. Benki nazo ziseme hivyohivyo, foleni tunakaa masaa na ile runinga ukutani inaonyesha matangazo ya riba tu.

Mama_Ntilie_Tz: Ushauri wangu: laini ya benki iwe ya peke yake, iweke kwenye kitochi, namba usimpe mtu.

Fundi_Simu_Kkoo: Hapana mama. Laini isipotumika muda mrefu inafungwa, namba anauziwa mwingine, na akaunti yako bado imeshikamana nayo. Tumia laini yako, ila piga *106# uone namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Usiyoitambua, nenda kwa mtandao husika waifute. Na mtandao ukikata ghafla kwako peke yako wakati jirani anao, usingoje asubuhi. Huenda namba yako imehamishiwa kwenye laini ya mtu mwingine. Azima simu, pigia benki wafunge akaunti.

Tabu_Tupu: Hilo la mtandao kukata sikuwahi kuambiwa na benki yoyote.

Ngosha_wa_Igoma: Mimi namba ngeni sipokei kabisa. Benki wakinitaka waje nyumbani, ugali upo.

Kaunta_Na3: 😂 Usipokee, sawa, lakini kata na upige mwenyewe namba iliyo nyuma ya kadi. Namba ya tapeli itume 15040. Na niseme ukweli: kufungua akaunti tuna malengo ya mwezi. Kumkalisha mteja dakika kumi kumweleza wizi, hakuna anayetupimia hilo.

Binti_Dereva: Asante kwa kusema. Dakika hizo kumi ndizo baba alizikosa. RB ya polisi tunayo, barua ya malalamiko benki tumepeleka, kimya. Kuna aliyefika dawati la malalamiko Benki Kuu (BoT)?

Chuga_Mmoja: Shemeji yangu alifika. Beba nakala ya ile barua yenye muhuri wa benki kuipokea, maana watakuuliza kwanza kama benki ulianza nayo.